Kobe nimemjengea uwanja na mimea juu, siku ya 12 anatembea ukuta mmoja tu. Anatafuta nini?

#1 Mjukuu wa Mpwapwa
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu maana hapa nimekwama.

Nina kobe wa nchi kavu, yule mwenye gamba lililoinuka juu na mabaka meusi kwenye manjano. Alikuwa kwa babu kule Mpwapwa tangu mimi niko darasa la pili, jina lake Masudi. Babu alifariki mwaka jana, ukoo ukakaa ukaamua nimchukue mimi huku Kibaha kwa sababu ndiye niliyekuwa namlisha kila likizo. Mambo ya kibali nitaeleza chini, msinishambulie kwanza.

Nimemjengea uwanja mita 4 kwa 3. Pande tatu ni tofali za inchi 6 kozi tatu, upande wa magharibi tofali ziliniishia nikaweka nguzo za mirunda na weya meshi. Ndani nimemwaga kirikuu moja ya udongo mwekundu, nikapanda ukoka, mchunga, mpungate vipande sita, haibiskasi mbili na mgomba mmoja wa kivuli. Kibanda chake nimeezeka makuti. Beseni la maji lipo.

Sasa tangu nimwingize anaamka saa moja asubuhi anakwenda upande wa magharibi, anatembea mpaka kona, anageuka, anarudi mpaka kona nyingine, anageuka, hivyo hivyo mpaka jua linazama. Ameshatengeneza njia kabisa imedidimia kama mtaro. Anasukuma waya kwa kichwa na gamba la mbele limeanza kukwaruzika. Ukoka hajaugusa, haibiskasi kazilaza zote chini. Kwa babu alikuwa anazurura shambani ametulia zake. Inaniuma kumwona hivi, najilaumu kwamba nimemtoa kwao nimemleta jela. Anatafuta nini huyu?

#2 fundi_tofali
Waya mkuu. Kobe haelewi waya. Anaona ng'ambo kuna majani na kuna mwanga, kwake hapo ni njia iko wazi halafu kuna kitu kinamzuia hakioni. Pande za tofali hazisumbui kwa sababu haoni ng'ambo. Ziba huo upande kwa mabanzi au bati kuukuu kutoka chini mpaka futi mbili, asione hata mwanya. Nimewahi kujengea tajiri mmoja Bunju, tulianza na waya hivyo hivyo, tulipoziba wale kobe waliacha ndani ya siku mbili. Na hizo kona usiziache za mraba, tupia zege uzipe mviringo, kobe kwenye kona anasimama wima anaegemea ukuta anapanda. Plasta ya ndani iwe laini kucha zisipate pa kushika.

#3 Nyota_ya_Tanga
Naona mnazunguka mbali. Mita 4 kwa 3 ni chumba cha kulala hicho. Kobe wa aina hiyo porini anazunguka eneo la hekta nyingi, hapo kwa babu alikuwa na shamba zima, leo umempa hatua kumi na mbili. Hata wewe ungetembea ukutani. Kama una kiwanja ondoa uwanja, zungushia ukuta mdogo kiwanja chote mwache atembee. Ukishindwa basi angalau mara tatu ya hapo.

#4 Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie nimekulia Unguja na marehemu baba alikuwa akipeleka wageni kisiwani Changuu kwa mashua, kwa hiyo kobe nimewaona tangu sijajua kusoma. Wale wakubwa pale wanafikia kilo mia mbili na zaidi lakini hawasukumi ukuta hata kidogo, wamekaa chini ya miti, wamelala kwenye tope, wanangoja kukunwa shingo. Kwa hivyo ukubwa wa eneo peke yake sidhani. Walichonacho pale ni kivuli cha miti mikubwa na kuzoea. Mpe muda kaka, siku 12 ni chache kwa mnyama anayeishi miaka mia.

#5 dokta wa mifugo
Kabla hatujaendelea naomba majibu ya haya. Mgeuze taratibu, usimkalishe chali muda mrefu, tazama gamba la chini: ni bapa au limebonyea katikati kama sahani? Mkia mfupi au mrefu mnene? Anakunya? Miguu ya nyuma anachimbachimba popote? Beseni lina kina gani?

#6 mpita_njia_77
#4 wale wa Changuu si walitoka Comoro, waliletwa na Sultani?

#7 Bint Mkunazini
Hapana ndugu yangu, Shelisheli. Wanne wa mwanzo walikuja 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa Shelisheli. Asili yao hasa ni Aldabra, kisiwa cha huko huko Shelisheli. Wakazaana wakawa wengi, kisha wakaibwa wakauzwa nje mpaka kufikia 1996 wakabaki saba tu. Baba alikuwa akisimulia hilo anasikitika kweli. Ndio maana siku hizi watoto wao wamewekwa ndani ya wigo wa peke yao mpaka wakue.

#8 Mjukuu wa Mpwapwa
Asanteni. Dokta nimemgeuza sasa hivi kwa tochi. Chini ni bapa kabisa, mkia mfupi sana. Amekunya jana, kinyesi kizuri chenye nyasi (nyasi nazomletea kwa mkono anakula, za kwenye uwanja ndio hagusi). Miguu ya nyuma kweli kuna sehemu mbili amekwangua udongo kwenye kona ya kusini magharibi, nilidhani ni kucha tu. Beseni ni lile la kuogea mtoto.

#9 Kitumbua
Bapa na mkia mfupi? Mkuu huyo ni Masuda 😂 Babu na ukoo mzima mmemwita mzee wa watu Masudi miaka yote hiyo na ni mama.

#10 dokta wa mifugo
Ni jike, kwa maelezo hayo. Dume la aina hii gamba la chini hubonyea na mkia ni mrefu. Na jike anayetembea bila kutulia, anakwangua kwa miguu ya nyuma, anaweza kuwa anatafuta pa kutagia. Anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, analainisha udongo kwa mkojo, anataga mayai kuanzia matano hadi thelathini hivi, anafukia anasawazisha. Udongo ulioumwaga wewe umeshindiliwa na fundi, haumfai. Mpe lundo la udongo uliochanganywa na mchanga, kina sentimita 40, upande unaopigwa na jua, mwagia maji ulowane chini. Asipotaga na akaacha kula mpeleke apigwe eksirei, mayai yakikwama ni hatari. Kwa uliko wewe Morogoro kule chuo kikuu cha Sokoine kuna kitivo cha tiba ya wanyama, si mbali.

Beseni la mtoto toa leo hii. Kobe haogelei. Weka sinia pana au karai lililokatwa, lizame ardhini midomo ikae sawa na udongo, maji yasizidi kiwiko chake.

#11 Nyota_ya_Tanga
Mayai bila dume dokta?

#12 dokta wa mifugo
Anaweza kutaga yasiyo na mbegu. Na kobe jike anaweza kutunza mbegu za dume miaka kadhaa. Shambani kwa babu nani anajua alikutana na nani.

#13 Mgogo halisi
Nimesoma yote nimenyamaza, sasa niseme. Mpwapwa iko wapi ukisimama Kibaha? Magharibi. Kobe anatembea ukuta upi? Wa magharibi. Mnataka nini zaidi? Huyo anakwenda kwao.

Mimi nimezaliwa Kongwa. Tulikuwa na kobe mmoja shambani ana tundu kwenye pindo la gamba, baba alilitoboa zamani ili amfunge kamba. Mjomba akamwomba, akampeleka kwake kwa baiskeli kama kilomita nne. Masika yalipoisha tukamkuta mwenyewe kwenye shamba letu la karanga, tundu lile lile. Hakuna aliyemrudisha, tuliuliza kila nyumba. Wazee walisema kobe ana ramani kifuani. Muonee huruma Masuda, anakumbuka nyumbani.

#14 fundi_tofali
#13 mzee wangu kilomita nne sawa, lakini Kibaha Mpwapwa ni mamia ya kilomita na alikuja ndani ya gari amefunikwa gunia. Angejuaje upande?

#15 Mgogo halisi
Ndege wa msimu anajuaje? Wewe jenga tofali mwanangu, haya tuachie wazee.

#16 dokta wa mifugo
Mzee wa Kongwa usimpuuze. Kobe wanaohamishwa porini wanajulikana kwa kuzurura sana mwaka wa kwanza, wengi wanajaribu kurudi walikotoka. Kama wanaujua upande sahihi kutoka mbali hivyo mimi siwezi kuapa, ila ule msukumo wa kuondoka ni wa kweli.

#17 Jua Kali
Mbona jibu ni jepesi. Ukuta wa magharibi mchana ndio wenye kivuli, jua likishapita utosini ukuta unatupa kivuli kwa ndani. Kibaha mwezi huu joto. Anafuata kivuli. Basi. Mgomba wenyewe umepandwa juzi hauna hata majani matatu.

#18 Mjukuu wa Mpwapwa
Jua Kali soma #1 tena kaka, magharibi ni weya meshi, hautupi kivuli. Ila kuna kitu mmenikumbusha. Ng'ambo ya huo waya jirani ana tuta la matembele, anamwagilia asubuhi na jioni. Yanaweza kuwa yanamnukia?

#19 Kitumbua
Hapo sasa! Masuda hana shida na Mpwapwa, ana shida na matembele 😂

#20 Mwana wa Nyali
Habari za Bongo. Niko Mombasa. Nina kobe wawili wa aina hiyo kwa kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), huku bila kibali ni kesi, sheria ya 2013 ni kali sana usicheze nayo. Yangu niliyojifunza: kobe mpya nilimfungia ndani ya boma dogo lenye kuta za makuti yaliyosukwa wiki sita, haoni nje, ananusa tu udongo wa hapo na kulishwa pahali pamoja saa moja. Nilipombomolea boma dogo akatulia kwenye kubwa. Wa kwanza ambaye nilimwachia moja kwa moja alinisumbua miezi minne na hakukuwa na waya pahali popote, ukuta wa mawe matupu. Kwa hivyo fundi #2, waya si lazima.

Na kwa wanaotaka kuona boma la kobe lilivyopangwa vizuri, pitieni Haller Park hapa Bamburi, pale alipokuwa Mzee na Owen.

#21 mpita_njia_77
Owen si ndiye yule kobe aliyelea kiboko?

#22 Mwana wa Nyali
La, Mzee ndiye kobe, wa Aldabra. Owen ndiye kiboko, mtoto aliyeokolewa Desemba 2004 karibu na Malindi wakati wa sunami. Akamwona kobe mkubwa akamganda kama mamake. Wazungu wakaandika vitabu.

#23 sheria_kwanza
Naombeni tusiruke jambo. Mleta uzi uliahidi kueleza kibali. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kobe wa porini ni mnyamapori. Kurithi kwa babu hakumfanyi awe mali yako kama mbuzi. Wasomaji wengine wasije wakaona uzi huu wakaenda kuokota kobe barabarani.

#24 Mjukuu wa Mpwapwa
Uko sahihi na nashukuru umeuliza. Babu hakuwa na karatasi yoyote, enzi hizo hakuna aliyewaza. Mimi kabla sijamsafirisha nilikwenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya nikaeleza ukweli wote, wakamwandika, wakampiga picha juu na chini, wakanipa barua ya kusafirisha. Kuna ukaguzi wa uwanja unakuja ndipo waamue. Ndiyo sababu nahangaika, sitaki wakija wamkute anagonga waya.

#25 sheria_kwanza
Hongera sana, laiti kila mtu angekuwa hivyo. Nilikosea kukuhukumu mapema.

#26 Kijana wa Singida
Si umrudishe tu porini Mpwapwa yaishe?

#27 dokta wa mifugo
Hapana, hapana. Kobe aliyekaa na watu, kuku na mbwa miaka ishirini anaweza kubeba ugonjwa wa mafua ya kobe au minyoo akaenda kuwapa walioko porini. Na sehemu aliyotoka siyo lazima ibaki kama ilivyokuwa. Uamuzi huo ni wa wenye mamlaka. Wanaopenda kumwachia mnyama porini wana moyo mzuri ila wanaweza kuua kijiji kizima cha kobe.

#28 Mswahili wa Texas
Salamu kutoka Houston. Huku nimepewa bure kobe wa Sahel, wale wenye miiba mapajani, watu wananunua akiwa kama mkono wa mtoto halafu miaka kumi baadaye ana kilo arobaini wanamtafutia pa kumtupa. Mkuu msingi wako una kina gani? Wangu alichimba chini ya uzio akatokea kwa jirani. Nimelazimika kuzamisha zege futi mbili chini. Kozi tatu juu bila msingi ni kazi bure.

#29 fundi_tofali
Msingi futi mbili kwa kobe ni kumtia mtu gharama bure.

#30 dokta wa mifugo
Mko sahihi wote kwa kobe tofauti. Wa Sahel ni mchimbaji, anaishi shimoni, mashimo ya mita kadhaa. Huyu wa kwetu mwenye mabaka hachimbi shimo la kuishi, anajificha chini ya kichaka. Tofali moja likizama ardhini inatosha. Ila huyu wetu anapanda na ana nguvu za kusukuma, kwa hiyo ukuta usitikisike.

#31 Mama Miche Tengeru
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nauza miche na kobe nimewalelea mteja mmoja bustani yao miaka sita, nilichoona ni kwamba mnamzungumzia ukuta na hamzungumzii anachokiona ndani ya huo ukuta. Mwanangu umempa uwanja mtupu. Ukoka uliopandwa juzi ni vinyweleo, haibiskasi ni vijiti, mgomba una majani matatu. Kobe wa aina hii akiingia mahali anatafuta kwanza pa kujificha mgongo, kichaka kinene kinachogusa ardhi, asipokiona anatembea mpaka akipate, na kwa sababu hakipo hatakaa aache kutembea. Nina hakika na hilo kuliko yote yaliyosemwa humu.

Fanya hivi. Usipande mche mchanga mbele ya kobe, ataukanyaga hata kama hataki kuula. Gawa uwanja katikati kwa mabanzi, nusu apate yeye, nusu uiache mimea ishike miezi mitatu, halafu mbadilishie. Mimea mikubwa panda nje ya ukuta iinamie ndani: bugenvila, mlonge, haibiskasi, majani na maua yakidondoka anakula mwenyewe na shina halifikii. Ndani panda vishina vyenye mawe makubwa yamezunguka, jiwe linalinda mzizi na linampa kobe kona ya kusugua mgongo. Mpungate weka kipande kikavu, kikae siku saba kidonda kifunge ndipo ukizike, ukikizika kibichi kinaoza. Mshubiri mzuri pia. Mchunga usipande mstari mmoja kama bustani ya ofisini, tupa mbegu kila mahali, unaota hata kwenye ufa. Kwa kivuli cha haraka usingoje mgomba, simika fito nne tandaza makuti, chini yake rundika majani makavu.

Na chakula chake kikubwa kiwe nyasi. Ukoka, mabingobingo machanga yaliyokatwa. Mchicha mara mojamoja tu. Ugali, wali, mkate, maziwa, hapana kabisa, naona watu wanampa kobe ugali moyo unaniuma.

#32 Kijana wa Singida
Shikamoo mama. Mimi nilisikia haibiskasi ni sumu kwa kobe.

#33 Mama Miche Tengeru
Marahaba. Si sumu, ni chakula kizuri, maua na majani. Sumu ni oleanda, mnyonyo, lantana, majani ya parachichi na mtunguja. Majani ya muhogo mabichi pia usimpe. Kabla hujaweka kobe ng'oa mnyonyo wote, unaota wenyewe kwenye vifusi na hapo Kibaha upo kila kona.

#34 Mjukuu wa Mpwapwa
Mama nimeshtuka, mnyonyo upo miwili nyuma ya kibanda, nilidhani ni urembo. Nang'oa kesho alfajiri. Mungu akubariki.

#35 Dada wa Hamburg
Habari zenu, niko Ujerumani. Nina wawili wa aina ndogo ya Ulaya ya kusini, na huku bila kijumba cha vioo bustanini hawaishi, asubuhi kinapata joto wanatoka wenyewe. Kila kobe ana picha za gamba zilizopelekwa serikalini, michoro ya gamba ni kama alama za vidole, kwa hiyo nimefurahi kusikia #24 wamempiga picha juu na chini. Msimu wa baridi nawalaza kwenye friji nyuzi tano, mama yangu Moshi aliposikia alilia akidhani nawaua.

Kuhusu kutembea: wangu wanafanya hivyo kila mwaka wakiamka, wiki mbili tatu, halafu basi. Hakuna kilichobadilika, ukuta ule ule, mimea ile ile. Mimi sijui kama kila kitu kina sababu moja.

#36 Nyota_ya_Tanga
Kwa hiyo hata Ulaya hawajui. Mimi nabaki na langu, eneo dogo.

#37 Kitumbua
Naomba kuuliza pembeni. Rafiki yangu ana kobe mtoto, gamba limeota vilima kama mnara kila kigae kimechongoka. Wanasema ni protini nyingi, alikuwa anampa dagaa.

#38 Mswahili wa Texas
Hiyo ni hewa kavu zaidi kuliko dagaa. Kuna utafiti wa Austria wa 2003 walilea vifaranga wa hawa wa Sahel kwenye unyevu tofauti na protini tofauti, waliokaa pakavu ndio vilima vilikua, protini ilichangia kidogo sana. Amlalishe mahali penye unyevu, amwogeshe maji vuguvugu. Dagaa aache pia, kobe huyo si mla nyama.

#39 Mgogo halisi
Kongwa hakuna unyevu miezi saba na kobe wa kule magamba yao laini kama chungu.

#40 Mswahili wa Texas
Mzee, watoto wa porini wanashinda wamejizika kwenye udongo na mizizi ya nyasi, kule chini kuna unyevu hata kiangazi. Anayelelewa kwenye boksi chini ya taa hana pa kujizika.

#41 Mgogo halisi
Na mifupa. Kule wanatafuna mifupa mikavu na mavi meupe ya fisi, nimeona kwa macho yangu. Huko kwenye boksi fisi yuko wapi.

#42 dokta wa mifugo
Kweli tupu, wanatafuta chokaa. Nyumbani mpe mfupa wa ngisi, watu wa pwani mnauokota bure ufukweni.

#43 Bint Mkunazini
Tena tele. Masuda akipata kibali nitampelekea mfuko mzima.

Halafu kama kutakuwa na mayai muwe na wavu juu. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanadona vifaranga machoni, na kenge anafukua mayai. Mjomba wangu alipoteza kizazi kizima cha kobe kwa kenge mmoja usiku mmoja.

#44 Mama Miche Tengeru
Na siafu! Kwetu walimwingilia kobe ndani ya gamba usiku, asubuhi tukamkuta macho yamevimba. Aliishi, ila tangu hapo tunazungushia majivu kila msimu wa mvua, na kibanda tumekiinua juu ya mawe.

#45 Mjukuu wa Mpwapwa
Wakuu apdeti baada ya wiki. Nimefanya karibu yote kwa siku moja kwa sababu ndugu zangu walikuja kunisaidia Jumamosi. Nimeziba waya kwa mabanzi futi mbili na nusu. Nimeweka lundo la udongo na mchanga kona ya kusini magharibi alipokuwa anakwangua. Mnyonyo nimeng'oa. Kivuli cha makuti na majani makavu tayari. Jirani wa mashariki nimemwomba akanikubalia nisogeze ukuta wa mashariki mita tano kwenye eneo lake lisilo na kitu, kwa hiyo sasa ni mita 9 kwa 3.

Usiku wa Jumamosi hiyo hiyo ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli, kubwa.

Jumapili hakutembea kabisa. Alilala chini ya makuti mpaka saa nne, akatoka akala ukoka wa kwenye uwanja kwa mara ya kwanza, akanywa maji yaliyotuama, nilikaa kwenye ndoo namwangalia machozi yananilenga. Jumatatu vile vile.

#46 fundi_tofali
Mabanzi hayo. Nilisema siku mbili.

#47 Nyota_ya_Tanga
Mita 9. Nani alisema eneo?

#48 Mama Miche Tengeru
Makuti na majani makavu mwanangu. Alilala wapi? Umejibu mwenyewe.

#49 Mgogo halisi
Mvua. Kobe mvua ikinyesha anakaa, ana chakula kila mahali, hana safari. Subirini ikatike.

#50 dokta wa mifugo
Lundo je? Kuna alama yoyote juu yake? Udongo umelainishwa sehemu kama umepakwa kwa mkono?

#51 Mjukuu wa Mpwapwa
Dokta kuna sehemu ndogo kama sahani ya chai inaonekana imesawazishwa, lakini mvua ilipiga sana siwezi kujua kama ni yeye au ni maji. Nimeogopa kufukua.

#52 dokta wa mifugo
Usifukue. Weka waya wa kuku juu yake, andika tarehe. Mayai ya aina hii yanaweza kukaa ardhini miezi tisa, hata mwaka na zaidi. Mpime Masuda uzito kila wiki.

#53 Mwana wa Nyali
Umekuja na ndugu, ukabadilisha vitu sita siku moja, na mvua juu. Sasa nani atajua ni kipi? Ungebadilisha kimoja kimoja ndugu yangu.

#54 Mjukuu wa Mpwapwa
Ningekuwa namsoma ningefanya hivyo. Mimi nilitaka aache kuumia.

Wakuu nimerudi, ni Alhamisi. Mvua imekatika tangu jana. Leo saa moja na nusu asubuhi ameamka, amekula kidogo, amenyooka mpaka ukuta mpya wa mashariki, anatembea kona kwa kona. Hasukumi kwa kichwa sasa, anatembea tu taratibu, akifika kwenye jiwe kubwa lililo pale anasimama, anainua shingo.

#55 Mgogo halisi
Mashariki?

#56 Mjukuu wa Mpwapwa
Mashariki mzee. Ukuta ni tofali tupu, plasta laini, haoni kitu.

#57 Dada wa Hamburg
Piga picha ya jiwe na ya huo ukuta wote, saa hizo hizo asubuhi. Nataka kuona jua linaangukia wapi.

#58 Kitumbua
Na jirani wa mashariki amepanda nini?